Sisimizi wa Ikulu

Nchi yetu ipo, ingawa tumetangaziwa rasmi kwamba haipo. Jina lake sitalitaja kwa sababu kwa sasa liko kwenye Kamati ya Mapitio, na si adabu kukitaja kitu kilicho kwenye kamati. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko nyimbo za majirani zote zikiunganishwa, na Rais wetu, Baba Mlezi, anapendwa na kila mtu, ukiondoa wale waliokuwa safarini siku tulipoulizwa.

Mimi naitwa Hemedi Mlekwa. Nilikuwa Afisa Makofi Mwandamizi katika Wizara ya Sherehe. Wasioijua kazi hii hudhani makofi hutokea yenyewe, kama chafya. Hayatokei yenyewe. Lazima awepo mtu mmoja wa kuanza, wengine wafuate mlio, na mtu huyo lazima amtazame Rais mdomoni bila kupepesa. Rais akifika mwisho wa sentensi, mdomo wake wa juu hulala kidogo juu ya ule wa chini, pembe ya kushoto hucheza, kisha hushusha pumzi. Hapo ndipo. Ukipiga mapema, umemkatiza Rais. Ukichelewa, umempinga. Nimeifanya kazi hiyo miaka yote ya utawala wake bila kukosea hata mara moja, mpaka viganja vyangu vikawa laini kama sahani, havina mstari hata mmoja. Nilidhani ni makofi yaliyoifuta mistari.

Habari yenyewe tuliipata redioni asubuhi, mara tu baada ya matangazo ya vifo. Aliyezungumza alikuwa Mheshimiwa Madaha, Waziri wa Uhalisia, wizara ambayo ilikuwa imeundwa jana yake jioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "itifaki imezingatiwa. Serikali yenu sikivu imebaini kwamba dunia hii si dunia. Ni mfano wa dunia, unaoendeshwa ndani ya mashine kubwa na watu tusiowajua, kama vile watoto wanavyocheza michezo ya kompyuta. Milima si milima, mito si mito, na ninyi, nasema kwa masikitiko, si ninyi. Serikali inawaomba muwe watulivu. Ilikuwa inalijua jambo hili siku nyingi, ilikuwa inasubiri muda muafaka."

Ukawekwa wimbo wa taifa, beti zote.

Siku za mwanzo watu walihangaika kidogo. Walimu waliacha kusahihisha, wakauliza faida yake ni nini. Mwizi mmoja wa kuku alisimama kizimbani akajitetea kwamba kuku alikuwa mfano wa kuku, mwenye kuku mfano wa mwenye kuku, na wizi wenyewe mfano wa wizi. Hakimu alimsikiliza kwa makini, akakubaliana naye kwa kila neno, kisha akamhukumu mfano wa miaka miwili, ambayo mpaka leo anaitumikia. Baada ya hapo watu walielewa. Maharage yaliendelea kuungua, misibani watu waliendelea kulia, na wenye meno mabovu waliendelea kushika mashavu.

Nyumbani kwangu mke wangu alizima redio akasema, "Kama mimi si mimi, huyu anayeumwa mgongo ni nani?" Akachukua ungo wake wa mchele, akaenda kukaa dirishani.

Mke wangu anaitwa Sikudhani. Mimi humwita Mama Tatu, kwa jina la binti yetu aliyeolewa mbali. Alikuwa mke mwema mwenye kasoro moja, nayo ni udakuzi. Sisemi mmbea, tuelewane: mmbea husema, mdakuzi hutazama. Dirisha letu liliuangalia mtaa wote wa Kota za Wizara, naye akishakaa pale na ungo wake hakuna kilichompita. Alijua shuka la nani limeanikwa kwenye kamba ya nani. Alijua ni nani aliyekuwa akichechemea mguu wa kulia na sasa anachechemea wa kushoto. Alimjua paka wa mhasibu kwa mwendo, na mjusi wa ukutani kwetu alimjua kwa mkia wake uliokatika ukaota upya.

"Mama Tatu," nilikuwa nikimkanya kila siku, "ya watu yanakuhusu nini?"

"Hayanihusu," alikuwa akijibu bila kugeuka. "Nayaangalia tu."

*

Kilichoitikisa nchi si lile tangazo. Ni mhadhara wa Profesa Nyembo.

Profesa alieleza, kwa nia njema kabisa, kwamba mashine hii ni bahili. Ni kama fundi seremala anayepaka vanishi upande wa mbele wa kabati, na ule wa nyuma unaogusa ukuta akauacha hivyo hivyo. Panapotazamwa hukamilishwa. Pasipotazamwa huachwa nusunusu. Kwa hiyo, alisema Profesa, tukitaka kujua wenye mashine wanamtazama nani kati yetu, tuchunguze vitu vidogo. Mahali palipo na vitu vidogo vilivyokamilika, hapo ndipo Jicho lilipo.

Nchi ikashikwa na wivu siku hiyo hiyo.

Hapo kabla hakuna aliyejali kama anatazamwa na nani. Sasa kila mtu alitaka kujua Jicho linamtazama nani, na kama si yeye, kwa nini si yeye. Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu aliacha kusalimiana na Mkuu wa Jeshi la Majini. Wabunge walivaa suti za kumetameta, wakawa wanatembea wametazama juu kwa tabasamu, na wengi waligongwa na baiskeli. Akina mama waliokuwa wakisukana nywele kwa miaka waligombana juu ya nani alikuwa amekaa kwenye mwanga. Mama Mlezi, mke wa Rais, alimnunia mumewe siku nzima alipomkuta amepanda juu ya paa la Ikulu peke yake, amelala chali, amevaa mavazi rasmi.

Ikaundwa Idara ya Jicho. Wakaguzi wake walipewa miwani mikubwa ya kukuzia na suruali zenye viraka vya magotini, na kwa heshima walianzia Ikulu.

Matokeo hayakuwa mazuri. Mawaridi ya Ikulu hayakuwa na harufu. Mapazia yalikuwa na mbele tu. Vitabu vya maktaba ya Rais vilikuwa migongo mitupu, nyuma hakuna kurasa. Mkaguzi alipolala sakafuni akawaona sisimizi wa Ikulu hawana miguu: vilikuwa vidoa vyeusi vinavyoteleza. Habari zikavuja, na Mheshimiwa Madaha akalazimika kutoa ufafanuzi. "Sisimizi wa Ikulu," alisema, "wameondolewa miguu kwa sababu za kiusalama."

Rais mwenyewe walimkagua kwa mbali, kisha kwa karibu. Sikio lake lilikuwa laini kama mkono wa kikombe. Nyusi zake zilikuwa kama zimechorwa kwa mkupuo mmoja wa brashi. Wakaguzi walikuwa wameshaanza kuagana kimoyomoyo na familia zao, ndipo walipofika mdomoni. Midomo ya Rais ilikuwa imekamilika! Kila ufa ulikuwepo, kila kinyweleo, na pembe ya kushoto kulikuwa na kovu dogo la utotoni ambalo hata mama yake alikuwa amelisahau.

Taifa lilishangilia. Jicho linaipenda midomo ya Rais! Ikatangazwa Siku ya Midomo, mapumziko kwa wote, na wimbo wa taifa ukaongezwa ubeti. Mimi nilitokwa na machozi, nikapiga makofi.

Rais hakufurahi. "Kwa nini midomo tu?" aliuliza. "Kwa nini si pua?" Wahadhiri wawili wakahamishiwa mpakani.

*

Ukaguzi ulipofika Kota za Wizara, mkaguzi aliingia sebuleni kwangu, akalala kifudifudi kama ilivyo desturi yao, na hakuinuka. Aliita wenzake. Wakalala wote.

Sisimizi wa kwangu walikuwa na miguu sita kila mmoja, na pembe, na viungo vya magoti. Mmoja alikuwa anachechemea. Mjusi wa ukutani alikuwa na koo linalodundadunda, na mkia wake ulionyesha palipokatika. Ufa wa ukutani ulikuwa na vumbi la rangi mbili.

"Nani anaishi hapa?" mkaguzi aliuliza kwa sauti ya ibada.

"Mimi," nilisema, nikalivuta tumbo ndani.

Niseme ukweli, sikuwahi kujua kwamba wivu una utamu wake ukiwa upande wa pili. Mtaa mzima ulininunia. Mhasibu alimfungia paka wake ndani asije akaonekana ananipenda. Ofisini msaidizi wangu, ambaye miaka yote alikuwa akiniitikia kwa kuinama, sasa aliitikia kwa kidevu. Nilianza kunyoa ndevu mara mbili kwa siku. Nilitafuna ugali kwa heshima, nikamega tonge dogo, nikageuza uso upande wangu mzuri. Nilimsikia Sikudhani akicheka dirishani, nikadhani anamcheka mtu huko nje.

Kisha wakaguzi wakataka uthibitisho. Wakanikalisha kwenye benchi la Wizara tangu asubuhi, na sisimizi wa Wizara wakabaki vidoa. Wakarudi nyumbani nisipokuwepo, wakakuta miguu. Mmoja wao, nadhani ndiye mwenye akili, alimfuata mke wangu alipokwenda sokoni kununua nyanya. Alimfuata kwa kutambaa. Kila alipopita Sikudhani, miguu iliota. Akikata kona, miguu inapotea.

Mkaguzi alirudi kwangu, akajikung'uta magoti, akanishika bega kama anavyoshikwa mfiwa. "Afisa," alisema, "ni mama."

Nilikuwa na wivu wa aina mbili kwa wakati mmoja, jambo ambalo simwombei hata adui. Kwanza ulikuwa wivu wa raia: kwa nini yeye? Amelifanyia nini taifa? Amewahi kuanzisha makofi? Pili ulikuwa wivu wa mume. Mtu, simjui, hajaleta posa, hajabisha hodi, anamtazama mke wangu akichagua mchele, akijifunga khanga, akilala. Nilikwenda kumuuliza Profesa Nyembo kama huyo Jicho ni mwanamume. Alisema Jicho halina jinsia. Ndivyo wanavyosema wote.

Nikatundika shuka dirishani. Nikaanza kurudi nyumbani ghafla, saa zisizo zangu. Nikisikia dari linalia kwa joto, nilikuwa nikiinua uso na kulitukana kwa sauti ya chini.

"Huyo wako," nilimwambia siku moja tukila, "anakula saa ngapi?"

"Wangu nani?"

"Huyo anayekutazama."

Sikudhani alicheka mpaka akapaliwa. "Baba Tatu, uzee unakujia vibaya." Akaliondoa shuka dirishani, akaendelea kuangalia nje.

*

Mheshimiwa Madaha alikuja na msafara wa magari ambao mtaa wetu haukuwa na nafasi ya kuupokea, kwa hiyo nusu ya msafara ulipaki mtaa wa pili.

"Ndugu Afisa," alisema, "itifaki imezingatiwa. Jicho linamtazama mama. Mama akikaa karibu na Rais, Jicho likimtazama mama litamwona na Rais. Ni hesabu ndogo tu. Kwa hiyo serikali imeamua kumwazima mkeo kwa maslahi ya taifa. Tunamwazima tu. Tutamrudisha akiwa hivyo hivyo."

Ningesema nini? Mimi ni mtumishi wa umma. Nilipiga makofi.

Sikudhani aliuliza jambo moja. "Huko kuna dirisha?"

"Mama, Ikulu ina madirisha yasiyo na idadi."

"Haya, twendeni." Akachukua ungo wake. Nilisimama mlangoni nikingoja ageuke aniage kwa macho, na kweli aligeuka. Aliviangalia viatu vya dereva, ambavyo kimoja kilikuwa na kamba ya rangi nyingine, akatabasamu, akaingia garini.

Ndipo nikaanza kujua nyumba bila mtu ni nini. Sisimizi walipoteza miguu siku ya kwanza. Mjusi akawa mchoro wa mjusi. Chai ilikuwa moto, lakini haikuwa na ladha ya chai wala ya sukari. Nilikaa dirishani kwenye kigoda chake, nikaona shuka za mtaa mzima zina rangi moja, na watu wanapita wakiwa na mwendo mmoja. Nilipojitazama kwenye kioo niliona picha ya kitambulisho.

Huku redio ilikuwa ikitangaza neema za Ikulu. Mawaridi yamepata harufu. Mapazia yamepata upande wa nyuma. Sisimizi wa Ikulu wamerudishiwa miguu yao yote sita, kufuatia kuimarika kwa hali ya usalama. Nilizima redio. Niliwaonea wivu sisimizi, jamani. Mtu mzima, mwenye cheo, nimekaa jikoni peke yangu namwonea wivu mdudu kwa sababu mke wangu amemwona. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, arudi, na akirudi nijue kwamba nafasi yangu haijachukuliwa na Jicho wala na Rais.

*

Sherehe ya Kutazamwa ilifanyika Uwanja wa Taifa, na luninga kubwa ziliwekwa kila pembe. Watu walijaa, wote nyuso juu, wakiliangalia anga kwa tabasamu ili Jicho likipita liwakute wako tayari. Mimi nilisimama mahali pangu pa kazi. Kwenye meza kuu alikuwa amekaa Rais, kushotoni Mama Mlezi ameminya midomo, na kuliani mke wangu, amevishwa gauni la hariri lenye mabega kama ya kanali.

Rais alianza kuhutubia. Nami, ingawa moyo ulikuwa upande wa kulia wa meza, macho niliyaweka kazini. Kazi ni kazi.

"Leo," alisema Rais, "ulimwengu wa juu utaniona mimi kama nilivyo."

Sikudhani alikuwa amechoka na mawaridi. Alishamaliza kumwangalia mpiga tarumbeta aliyesinzia, na buibui aliyekuwa chini ya kipaza sauti, na mkufu wa Mama Mlezi, ambao kifungo chake kilikuwa cha pini. Akawa hana kilichobaki. Akamgeukia Rais. Hakumtazama kwa heshima wala kwa dharau. Alimtazama kama anavyoitazama kamba ya nguo za jirani, kitambaa kwa kitambaa.

Na Rais akakamilika, mbele ya taifa zima, kwenye luninga zote.

Zilianza nywele: chini ya ule weusi mzuri zikajitokeza nyeupe kwenye mizizi. Likaja jipu shingoni. Ukosi wa shati ukaonekana mkubwa, maana shingo iliyomo ilikuwa imekonda. Ikaonekana mikono chini ya meza, mmoja ukiushika mwingine ili usitetemeke. Mwisho yakaja macho, na yalikuwa macho ya mzee ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu na anaogopa kuachwa peke yake. Watu walishusha nyuso zao kutoka angani wakaangalia luninga.

"Kumbe ni babu wa watu," alisema mwanamke mmoja nyuma yangu. Hakusema kwa ubaya.

Rais aligeuka akajiona. Maneno yalimkatika. Mdomo wa juu ukalala juu ya wa chini, pembe ya kushoto ikacheza, akashusha pumzi. Nami, kwa mazoea ya miaka yote, nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu, na mlio ulizunguka uwanja mzima ukanirudia.

"Mwondoeni huyu mwanamke," alisema Rais.

Kesho yake ikapitishwa Sheria ya Macho: ni marufuku mtu yeyote kumtazama Rais, isipokuwa Afisa Makofi, naye midomo tu.

*

Sikudhani alirudi mchana kwa miguu, ungo kichwani. Serikali ilikuwa imesahau kumpa usafiri. Nilikuwa nimekusudia kumpokea vizuri, nimempikia na chai. Lakini wivu hauna adabu.

"Karibu, mke wa Jicho," nilisema.

Aliutua ungo. "Hemedi," alisema, na yeye huniita jina langu akiwa amekasirika tu, "hebu niambie. Nani ananitazama?"

"Nchi nzima inajua."

"Nchi nzima haijui kitu. Hakuna anayenitazama. Ningejua! Mwanamke akitazamwa anajua, hata akiwa amegeukia ukutani."

"Sisimizi je?"

"Sisimizi nawaangalia mimi."

"Na wakaguzi walikuwa hawawaangalii, na miwani yao yote ile?"

"Walikuwa wanamtafuta huyo Jicho wao. Walilala sakafuni hapa siku nzima, hakuna hata mmoja aliyemwona sisimizi. Wala hakuna aliyeniinulia mimi uso. Wamenipima nyayo, Hemedi."

Nilikuwa na neno moja limebaki, nikalitoa kama mtu anayetoa karata ya ushindi. "Basi midomo ya Rais? Ilikamilika kabla hujakanyaga Ikulu. Hiyo nayo uliitazama kutoka dirishani?"

Aliponijibu, sauti ilikuwa imeshuka.

"Katika nchi hii yote," alisema, "ni nani anayeshinda akiitazama midomo ya yule mzee?"

Nilivitazama viganja vyangu.

"Miaka yote hii mume wangu anamjua mwanamume mwingine mdomoni mpaka ufa wa pembeni. Anarudi nyumbani macho yamechoka, anaomba chai, analala. Mimi nimekaa dirishani nawaangalia watu wa nje kwa sababu wa ndani hayupo. Unaniuliza habari za wivu, wewe? Nimemwonea wivu Rais mpaka nimezeeka." Akachukua ncha ya khanga, akajifunika uso. "Haya niambie. Nina alama gani usoni? Moja tu. Itaje."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Nilitafuta kichwani. Nilimtafuta siku ya harusi yetu, nikaona kilemba cha shemeji yangu. Nilimtafuta siku alipozaliwa Tatu, nikakumbuka kwamba nilikuwa kwenye ufunguzi wa daraja.

"Huna," nilisema.

Akashusha khanga. Na naomba mniamini, ingawa mimi nimewahi kuwa mtumishi wa serikali: uso wake ulikuwa haujakamilika. Ulikuwa na macho mawili, pua na mdomo, kama mtu anavyoelezewa polisi. Alikuwa ameukamilisha mtaa mzima, mijusi yake na nyuzi za viatu vyake, na yeye mwenyewe hakuna aliyemkamilisha.

Nilivuta kigoda nikakiweka karibu na dirisha, kwenye mwanga. Nikamkalisha. Nikamtazama. Mwanzoni hakikutokea kitu, na nilisikia aibu, maana sijui kutazama kisichokuwa na ishara ya makofi. Nikaendelea. Likatokea doa la kuzaliwa chini ya sikio. Ikatokea alama ya tetekuwanga kwenye paji, kisha jino la pembeni lililovunjika ncha, kisha mvi, si chache, zikishuka karibu na shavu. Likatokea chozi, nalo sijui kama lilikuwepo tangu mwanzo.

"Usinikodolee," alisema. Lakini hakugeuka.

*

Siku ya Midomo ikafika, na Rais alihutubia, kwa kuwa midomo ndiyo pekee iliyokuwa imebaki halali. Nilisimama mahali pangu. Sikudhani alikuwa amekaa na wananchi, na nilijua bila kuambiwa kwamba anaziangalia nywele bandia za mtu aliye mbele yake.

Nilitaka kuhakikisha tu kama lile doa la chini ya sikio bado lipo. Nikageuza macho. Lilikuwepo. Na alikuwa anakuna shingo kwa kidole kimoja, kwa namna ambayo sikuwahi kuijua, nikasema moyoni, huyu hufanya hivi tangu lini?

Huku nyuma sentensi ya Rais ilikuwa imekwisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Umati ulikuwa umeinua nyuso juu ukisubiri mlio wangu. Nilipogeuka niliona kovu la pembe ya kushoto limepotea. Vinyweleo vikafuata, kisha nyufa, kisha midomo yenyewe ikawa mstari mmoja. Rais aliendelea kusema, lakini maneno yalitoka bila kingo, kama mtu anayeongea ndani ya mto. Mtu mmoja alikohoa, na nchi nzima ikamsikia.

Nilikamatwa kwa kosa la Kunyamaza Hadharani. Kituoni walinipaka wino kuchukua alama za vidole, zikatoka kama madoa ya chai, mviringo mtupu, vidole vyote. Wakaniongezea kosa la pili, Kuficha Vidole.

Kwa hiyo ninayaandika haya nikiwa ndani. Sina malalamiko. Sikudhani huja Jumapili kunitazama. Ananisimulia mtaa: mhasibu amemfungulia paka wake, na Mama Mlezi amebadilisha kile kifungo cha pini. Namuuliza kwa ukali, "Wiki hii umewaangalia akina nani?" Ananitajia wote, hafichi, na kila jina linanichoma. Wivu wangu haujapona, na sidhani kama nataka upone. Kisha ananishika mkono kupitia nondo na kuuangalia, naye huangalia kama anavyochagua mchele, taratibu, hadi mlinzi aseme muda umekwisha.

Juzi Koplo Mbaruku, askari mkali ambaye hajawahi kunijibu salamu, alinipaka wino tena kwa ajili ya mahakama. Nilibonyeza karatasi. Zikatoka. Kidole gumba kilikuwa na duara ndani ya duara, na katikati mstari mdogo uliopinda. Koplo aliishika ile karatasi muda mrefu.

"Nani kakupa hizi?"

"Mke wangu."

Alifunga mlango wa ofisi. "Mzee," alisema, na haijawahi kutokea akaniita mzee, "Jumapili akija, hawezi na mimi kunitupia..."

"Hapana," nilisema kabla hajamaliza. Wivu ni wivu.

Alitikisa kichwa kukubali. Akaanza kufuta wino mezani, sehemu moja ile ile, akirudia. Sikuwa na haraka ya kurudi chumbani, wala hakukuwa na Rais wa kutazama. Nikamtazama yeye.

"Koplo," nilisema baada ya muda, "hilo kovu juu ya nyusi ulilipata wapi?"

Aliinua mkono wenye wino, akapapasa juu ya jicho, akalikuta. Akavuta kiti, akakaa.